Kichwa kinahitaji sentimita chache: kofia ngumu, ngazi, kitanda, na saa 48 za baada ya kugonga

Mtu mzima aliyesimama akianguka chali bila kuwahi kujikinga, kichwa chake kinafika sakafuni kwa mwendo wa takriban kilomita 20 kwa saa. Hajapanda pikipiki wala mti. Kateleza tu bafuni. Fuvu likikutana na saruji linasimama ndani ya milimita chache, na nguvu inayokipata kichwa hapo inafika mara mia kadhaa ya uzito wake. Ubongo ulioko ndani, wenye kilo 1.3 au 1.4, hausimami pamoja na fuvu. Unaendelea, unagonga ukuta wa fuvu upande wa kisogo, unarudi mbele, na kama kichwa kiligeuka wakati wa kuanguka, unajisokota kiasi cha kuchana nyuzi zake za ndani.

Mpe mtu huyohuyo sentimita mbili na nusu za kitu kinachobonyea polepole kati ya fuvu na sakafu, na nguvu ileile inashuka hadi kama mara 65. Hesabu ni hiyo tu. Kila kinachokinga ubongo hufanya moja kati ya kazi mbili: kupunguza mwendo kabla ya kugonga, au kuongeza umbali wa kusimama wakati wa kugonga.

Tunasisitiza kinga kwa sababu tiba ina mpaka. Daktari wa upasuaji wa ubongo anaweza kutoa damu iliyovilia, kupunguza shinikizo ndani ya fuvu, kuinua mfupa uliobonyea. Anazuia madhara yasiongezeke. Nyuzi zilizochanika dakika ya kugonga hakuna anayezishona.

Kofia ya pikipiki: kinachookoa ni povu

Wanunuzi wengi huangalia gamba: rangi, mng'ao, ugumu wake ukigongwa kwa kidole. Gamba lina kazi yake, kutawanya nguvu na kuteleza juu ya lami badala ya kunasa. Lakini ubongo unaokolewa na tabaka la ndani, lile povu gumu jeupe au jeusi, jamii ya lile linalofungia televisheni ndani ya boksi. Limejaa vijichumba vya hewa. Kichwa kinapolikandamiza, vijichumba hivyo vinapasuka, na kila kinachopasuka kinakula sehemu ya mwendo. Sponji laini yenye kitambaa inayogusa nywele ni ya kukufanya ustarehe, haikingi chochote.

Basi ukiwa dukani, inua sponji hiyo pembeni uangalie. Ukikuta povu gumu lenye unene wa karibu sentimita mbili na nusu, lisilobonyea kwa kidole gumba cha kawaida, endelea kuiangalia kofia hiyo. Ukikuta gamba la plastiki tupu, au sponji ya aina ya godoro iliyogundishwa moja kwa moja kwenye gamba, irudishe. Hiyo ni kofia ya kumwonyesha trafiki. Uzito nao unasema kitu: kofia ya kweli kwa kawaida hucheza kwenye kilo moja na kitu, wakati ile ya nusu kilo haina nafasi ya kubeba povu la kutosha. Kagua pia mkanda wa kidevuni. Uwe umefungwa kwenye gamba kwa ribiti za chuma, si kushonewa kwenye kitambaa cha ndani.

Lebo ya kutafuta ni ya Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22. Hushonewa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, kisha namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Karibu na namba hiyo kuna herufi. P maana yake kidevu kimekingwa, J maana yake uso uko wazi, NP maana yake kipande cha mbele kipo lakini hakikupimwa kama kinga. Stika ya DOT, alama ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyobandikwa nyuma, peke yake, isikutoshe. Hata huko Marekani mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na stika inachapwa popote.

Kuna hoja inayorudiwa sana vijiweni: kofia hupimwa kwa mwendo mdogo, sisi tunakimbia 60, itasaidia nini? Ni kweli kwamba kanuni hiyo, katika toleo lake la 05, huipima kofia kwa kuiangusha juu ya chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 27 kwa saa. Lakini anayeanguka akiwa kwenye 60 mara nyingi hatui lami kwa kichwa akiwa na ile 60 yote. Mwili unakwenda mbele ukiburuzika, na kichwa kinagonga chini kwa mwendo wa kuanguka kutoka usawa wa kiti. Hapo ndipo kofia inapofanya kazi yake. Ukigonga nguzo au ubavu wa lori moja kwa moja, hesabu inabadilika, na ndiyo maana mwendo wenyewe unabaki kuwa kinga ya kwanza. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Si jambo la juzi pia. Daktari Hugh Cairns, aliyemhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1935, alikwenda kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi la Uingereza, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na jeshi likaanza kuwalazimisha kuvaa kofia.

Kofia nzuri iliyovaliwa vibaya inaruka kabla ya kichwa kufika chini. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, ikizunguka sentimita mbili na nusu juu ya nyusi na sehemu pana ya nyuma. Kwa watengenezaji wengi, sentimita 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L. Ivae, kisha izungushe kushoto na kulia kwa mikono. Ngozi ya paji la uso na mashavu iende nayo. Ikiteleza peke yake, ni kubwa. Funga mkanda, ubakishe nafasi ya kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi: mwambie mwenzako ashike ukingo wa nyuma wa kofia na kuusukuma juu kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso na kutoka, lami itaitoa pia. Mkanda ulioning'inia ni sawa na kutovaa, hilo halina mjadala.

Matunzo ni machache. Petroli, thina na rangi za kupuliza hulainisha povu bila kuacha alama nje, kwa hiyo isafishwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe kivulini. Usiitundike kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki siku nzima. Ncha ya kioo huchimba povu. Baada ya miaka mitano hivi ya kazi, ibadilishwe hata kama haijawahi kuanguka, maana jasho, jua na joto vimekwishailegeza.

Abiria wa bodaboda

Hapa ndipo tunapopoteza vichwa vingi bila sababu. Kigali abiria hupewa kofia na kuifunga kabla pikipiki haijaondoka, na imekuwa desturi. Kwingineko katika ukanda wetu, kofia ya abiria mara nyingi inakaa kwenye tangi au kwenye mkono wa dereva, na abiria hapendi kuiomba. Sababu zao tunazijua na si za kipuuzi: harufu, jasho la watu wengine, hofu ya mapunye, nywele zilizosukwa jana kwa pesa nyingi.

Anayepanda bodaboda kila siku anunue kofia yake. Asiyeweza, abebe mkobani kofia nyepesi ya pamba au kitambaa chembamba cha kuvaa chini ya ile ya dereva, na akifue kila jioni. Fangasi wa kichwani huenea kwa kugusana, na kitambaa safi kinapunguza kugusana huko. Misuko iliyorundikwa utosini huifanya kofia ikae juujuu; ishushwe nywele na kufungwa chini, shingoni. Hijabu ibaki tabaka moja lililonyooka bila fundo kisogoni, na pini zote za kichwani zitolewe, kwa sababu kitu kigumu chini ya povu kinageuka kuwa ncha ya kuchoma fuvu. Kofia ya kiua nayo ivuliwe iwekwe mfukoni.

Kukaa upande kunatuhangaisha kuliko watu wanavyodhani. Anayekaa upande hana mguu wa pili wa kujizuia, na dereva akikata kona au kuruka tuta, anatoka kwa nyuma na kutua kwa kisogo. Kibaya zaidi ni pindo la kanga, dera au baibui linaloingia kwenye mnyororo au spoki za gurudumu la nyuma. Linamvuta mtu chini ghafla, kichwa kikitangulia. Vaa suruali au taiti ndani, panda kwa kutanua miguu, kunja pindo na kulikalia. Dereva aliyekamilika hukagua nguo za abiria wake kabla hajaweka gia.

Mtoto ambaye nyayo zake hazifiki kwenye vikanyagio asipande pikipiki. Kumkalisha juu ya tangi mbele ya dereva kunamweka kati ya usukani na kifua cha mtu mzima, na dereva akifunga breki ghafla mtoto ndiye anakuwa mto. Mtoto mchanga wa mgongoni hana kofia inayomfaa. Shingo yake haiwezi kubeba uzito huo. Mama mwenye mchanga apande bajaji au daladala, hata ikibidi kusubiri. Na mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma, inamsukuma dereva mbele hadi ashindwe kutawala usukani, na wa mwisho anakaa juu ya taa ya nyuma bila cha kushika.

Kwenye gari ni mkanda, siti za nyuma zikiwemo. Kupanda juu ya mzigo wa lori au kukaa kwenye bodi ya pikapu hakuna namna ya kukufanya kuwe salama.

Mnazi, mwembe, ngazi

Ukianguka kutoka mita 3 unafika chini kwa kilomita 28 kwa saa. Mita 6, ambayo ni tawi la kawaida la mwembe, ni 39. Mita 10 za mnazi ni 50. Msimu wa maembe watoto wapewe upondo wenye kikapu, na tawi lililolowa mvua lisipandwe. Mkwezi naye afungie mwili kwenye mti kwa kamba inayobeba uzito wake, na chini pawe wazi: nazi iliyoanguka mita 15 inakuja kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo usiweke benchi, jiko wala kitanda cha mtoto chini ya mnazi wenye nazi.

Ngazi ya kuegemeza isimame kwa uwiano wa nne kwa moja: ikiwa sehemu inayoegemea iko mita 4 juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Ikisimama wima zaidi inapinduka nyuma, ikilala zaidi inateleza mguuni. Kama unapandia paa, izidi ukingo kwa mita 1 ili upate cha kushika, na kichwa chake kifungwe kwa kamba. Ajali nyingi za ngazi zinatokana na kujinyoosha pembeni; kitovu chako kikivuka mguu wa ngazi, shuka uihamishe.

Kofia ya ujenzi inakinga vitu vinavyoanguka kutoka juu. Ile mikanda ya ndani inaning'iniza gamba mbali na fuvu, na nafasi hiyo ndiyo kinga, kwa hiyo usiitumie kuhifadhi sigara au simu. Pembeni na kisogoni inakinga kidogo sana. Haifai kabisa kwa pikipiki. Kwenye jukwaa la mirunda ivaliwe na mkanda wa kidevuni, vinginevyo inamtangulia fundi kufika chini.

Ndani ya nyumba

Wachanga huanza kujigeuza karibu na miezi minne, na mara nyingi siku ya kwanza ya kujigeuza ndiyo siku ya kuanguka kitandani. Kitanda cha sentimita 60 kinatosha kumfikisha mtoto chini kwa kilomita 12 kwa saa. Kumzungushia mito si suluhisho, inamziba pumzi. Ukitoka chumbani, mlaze mkekani chini. Kigari cha kutembelea mtoto tunakikataa moja kwa moja. Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nacho kwenye ngazi. Na mtoto akilia usiku kucha ukahisi mikono inatetemeka kwa hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika kumi. Kumtikisa mchanga kunachana mishipa ya ubongo bila jeraha lolote la nje.

Vitanda vya ghorofa, nyumbani na mabwenini: juu asilale aliye chini ya miaka 6, na kizuizi kipande angalau sentimita 13 juu ya godoro. Wanunuzi hupima kizuizi kabla ya kuweka godoro, kisha godoro nene linakimeza. Kwenye roshani na ngazi, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10. Ikizidi, kiwiliwili cha mtoto mdogo kinapita. Ndoo na viti visikae karibu na ukingo wa roshani wala wa paa la zege.

Kwa wazee, hatari kubwa ni safari ya chooni usiku. Tochi iwe chini ya mto, siyo juu ya kabati. Mzee akae ukingoni mwa kitanda dakika nzima kabla ya kusimama, hasa kama anatumia dawa za presha, kwa sababu akisimama ghafla damu inashuka na kichwa kinazunguka. Kandambili zilizolika soli zitupwe. Kwenye vigae vya bafuni wekeni mkeka wa mpira na bomba la kushika, lililofungwa ukutani kwa boliti, kwenye kimo cha kiuno. Kitundikio cha taulo si cha kushikia.

Saa 48

Mtu amegonga kichwa, amezimia kidogo au hata hakuzimia, sasa anaongea. Msiagane naye. Upande wa kichwa, juu ya sikio, mfupa ni mwembamba na mshipa wa damu unapita chini yake. Ukichanika, damu inaweza kujikusanya kwa saa kadhaa huku mtu akionekana mzima, kisha anazimia ghafla. Kwa saa 48 awe na mtu.

Hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: kutapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, mboni moja kubwa kuliko nyingine, maji maangavu au damu kutoka puani au masikioni, weusi nyuma ya sikio au kuzunguka macho yote mawili, udhaifu wa upande mmoja, maneno yanayochanganyika, usingizi asioamshika vizuri. Kwa mchanga ongeza kulia kusikonyamazika, kukataa ziwa, na utosi uliovimba. Aliye na dawa za kuyeyusha damu kama warfarini aende hata kama hana dalili.

Kulala anaruhusiwa. Kumlazimisha akeshe hakuzuii damu kuvilia. Kinachosaidia ni kumwamsha kila baada ya saa mbili usiku wa kwanza na kumuuliza jina lake, yuko wapi, nani amekaa naye. Maumivu apewe parasetamoli. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaweza kuongeza kuvuja damu. Pombe hapana. Na mlevi aliyeanguka asiachwe alale mpaka pombe iishe. Pombe na damu inayovilia vinafanana kwa macho, basi mwangalieni kama mtu asiyelewa.

Majeruhi wa barabarani asibebwe kwa kubanwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Shingo inaweza kuwa imevunjika, na ubongo ulioumia ukikosa hewa dakika chache unaumia mara ya pili. Kama anapumua vizuri, kofia ibaki kichwani. Kama hapumui au anatapika, itolewe na watu wawili: mmoja akishika shingo na taya, mwingine akiipanua pembeni na kuivuta taratibu. Alazwe juu ya ubao au mlango, ageuzwe kiwiliwili chote kwa pamoja. Kama kuna uchaguzi, mpelekeni penye kipimo cha CT, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa.

Kwa mzee, saa 48 hazitoshi. Ubongo wake umesinyaa, mishipa midogo imevutika, na pigo dogo linaweza kuvujisha damu kidogokidogo kwa wiki mbili hadi sita. Familia husema amezeeka ghafla: anasahau, anaburuza mguu, analala mchana. Mkumbuke kama aligonga kichwa mwezi uliopita, mkamweleze daktari hivyo hivyo.

Aliyepata mtikisiko wa ubongo, hata mdogo, asirudi uwanjani siku hiyo. Apumzike siku moja au mbili, simu na televisheni zipungue, kisha aongeze kazi hatua kwa hatua, kila hatua ikikaa angalau siku nzima bila dalili kuzidi. Mwanafunzi arudi darasani kwanza, mpira baadaye. Dereva wa bodaboda asishike usukani mpaka kichwa kimeacha kuzunguka na daktari ameridhika, kwa sababu mkono wake bado unachelewa kufuata jicho. Na ile kofia iliyogonga isirudi kichwani kwa mtu, hata kama gamba linang'aa. Povu lililobonyea halirudi. Kateni mkanda wake na kulipasua gamba kabla ya kuitupa, maana ikiachwa nzima jalalani itaokotwa, itafutwa vumbi, na kuuzwa tena.